Maswali yenu: Naanza uanagenzi wa bustani za umma, nijiandaeje?

Safari hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, uanagenzi wa kutunza bustani za umma na kilimo cha bustani kwa ujumla. Kuna wanaoanza, kuna walio ndani tayari na wameanza kukata tamaa, na kuna mmoja ameambiwa apige dawa bila hata glovu, barua yake ndo imenifanya niweke nyingine zote pembeni nijibu hizi kwanza. Nimezifupisha kidogo tu, majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 19, nimemaliza shule na nimekubaliwa kuanza uanagenzi kwenye idara ya bustani za mji, mwezi ujao naanza. Nyumbani baba anasema naenda kufagia majani tu, hiyo sio kazi ya mtu kusomea. Mi mimea naipenda lakini kusema ukweli sijui chochote zaidi ya kumwagilia maua ya mama. Baba ana ukweli? Na nijiandaeje?

JIBU: Marahaba, na hongera sana, nafasi hizi watu wanazigombania na we umeipata. Baba yako usimkasirikie. Anachokiona yeye ni kile anachokiona kila anayepita, mtu kashika reki anakusanya majani, sasa mengine atayajulia wapi. Hajui kwamba huyo mwenye reki asubuhi kabla watoto hawajaja kwenye bembea alishapita chini ya miti yote mikubwa anaangalia juu kama kuna tawi limekauka au limepasuka linaweza kumdondokea mtu, hajui kwamba anajua ni wapi udongo umeshindiliwa na miguu ya watu mpaka maji hayazami tena na mizizi inakosa hewa, na hajui kwamba mashine anazotumia zina visu ambavyo ukizubaa kidogo vidole vinaondoka. Bustani ya umma kwa maoni yangu ni ngumu kuliko shamba, maana shambani unafunga kazi zako unarudi nyumbani lakini bustanini we unafanya kazi na watu wamo humohumo, wana watoto, wana mbwa, wana mipira.

Na ya kusomea ni ya kusomea kabisa. Uanagenzi unagawa muda wako, siku nyingi uko kazini chini ya fundi anayekufundisha na siku nyingine uko darasani unasoma udongo, mimea, wadudu, magonjwa, vipimo, usalama, alafu mwishoni kuna mtihani wa kuandika na wa vitendo. Ujerumani mafunzo ya mtunza bustani kwa kawaida ni miaka 3 na yamegawanyika fani 7, kuna ya vitalu vya miti, ya maua, ya mboga, ya matunda, mpaka bustani za makaburini zina fani yake peke yake. Mtu hawezi kukaa miaka 3 anajifunza kufagia.

Kama baba ni mpenzi wa historia msimulie habari za Joseph Paxton. Alikuwa mtoto wa mkulima huko Uingereza, akaanza kazi kama kijana wa bustani, mwaka 1826 hata miaka 25 hajafika akafanywa mkuu wa bustani za Chatsworth. Huyohuyo ndo alichora bustani ya Birkenhead iliyofunguliwa mwaka 1847, bustani iliyojengwa kwa pesa za umma ili mtu yeyote aingie, na mwaka 1851 London wakajenga jumba kubwa la vioo kwa ajili ya maonyesho ya dunia kwa ramani yake, ujuzi ambao aliupatia kwenye kujenga nyumba za vioo za kuoteshea mimea. Mwaka 1850 Mmarekani Frederick Law Olmsted alifika Birkenhead akaiangalia vizuri, na miaka michache baadae yeye na Calvert Vaux wakachora Central Park ya New York. Yote hayo chanzo chake ni kijana wa bustani.

Haya, kujiandaa. Nenda kapate chanjo ya pepopunda kama hujachoma au kama muda umepita, na hili ufanye kabla hujafikiria hata viatu, kwa sababu vimelea vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye samadi na vinaingia kwa mwiba tu au kajitundu ka msumari ambako we mwenyewe hutakajali. Viatu viwe buti ngumu za kufunika kifundo cha mguu. Kofia, chupa ya maji, daftari dogo la kuingia mfukoni na penseli, maana kalamu ya wino ikilowana maandishi yote yanapotea. Alafu ule mkataba usome mstari kwa mstari, angalia nani hasa ndo mwalimu wako kazini, siku za darasa ni zipi na je zinalipwa, vifaa vya kujikinga ananunua nani, ukiumia inakuwaje. Usione aibu kuuliza kabla ya kusaini, ukishasaini unauliza kwa unyonge.

Kujua sana mimea kabla ya kuanza sio lazima. Umekuja kujifunza.

SWALI: Habari fundi. Mi niko mwezi wa tatu kwenye uanagenzi na mpaka leo kazi yangu ni kufagia, kuokota takataka na kung'oa magugu. Mkasi wa kupogolea sijaushika. Wenzangu wa darasani kwingine washaanza kufundishwa miti. Je nivumilie au nahesabiwa kama kibarua wa bei rahisi?

JIBU: Inaweza ikawa yote mawili, kwahiyo nisikilize vizuri.

Magugu kwanza. Kung'oa magugu kuna namna mbili, kuna kung'oa kwa mikono na kuna kung'oa kwa macho. Chukua ndago, hii nyasi inayosumbua karibu dunia nzima yenye joto. Ukiivuta kwa juu inakatika unajiona umemaliza, kumbe kule chini ina viazi vidogo vyeusi vimeungana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina uwezo wa kuchipua mmea mpya, ndo maana wiki mbili baadae unairudia palepale na sasa iko nyingi zaidi. Ichimbue siku moja kwa uma wa bustani taratibu uufuate ule uzi mpaka mwisho uone unafika wapi, ukishaona hutahitaji mtu kukuhubiria tena kwanini jembe la kukatakata hapo linaizidisha. Kuna magugu mengine yanaishi msimu mmoja tu, hayo nguvu zake ziko kwenye mbegu, ukiyawahi kabla hayajachanua umeshinda, ukichelewa siku chache umejipandia kazi ya miaka. Sasa mwanagenzi anayejua hili gugu ni la mbegu na lile ni la mizizi anapangilia kazi yake tofauti kabisa na asiyejua, na fundi anayekuangalia analiona hilo hata kama hasemi.

Majani nayo. Majani yanadondoka nje ya msimu wake? Yana madoa? Yamekauka pembeni tu katikati mabichi? Yanatoka upande mmoja tu wa mti? Hizo ni taarifa, peleka kwa supavaiza wako. Na uliza yanaenda wapi ukishayakusanya. Kama bustani yenu ina lundo la mboji omba upangiwe huko, ujifunze kuchanganya vikavu na vibichi, kuligeuza, kupima joto ndani, maana lisipofika nyuzi 55 hivi na kukaa hapo mbegu za magugu haziungui, mnazirudisha bustanini wenyewe kwa toroli.

Lakini upande wa pili wa swali lako siupuuzi. Uanagenzi una mpango wa mafunzo, unaandikwa, unasema ndani ya muda gani unatakiwa uwe umegusa nini. Uombe uuone. Na kama mnajaza kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kijaze kila wiki kwa ukweli, wiki ya kufagia andika kufagia, usipambe, kile kitabu ndo ushahidi wako. Mfuate supavaiza wakati ametulia sio asubuhi anapogawa kazi, mwambie nimeona kwenye mpango kuna kupogoa na kupanda, naomba wiki ijayo nikae na anayepogoa hata kama ni kumshikia ngazi na kukusanya matawi. Mara nyingi tatizo sio ubaya wa mtu ni kwamba bustani ni kubwa watu ni wachache na mwanagenzi asiyesema anasahaulika kwenye reki. Ukisema mara mbili tatu na hakuna kinachobadilika nenda kwa mwalimu wa chuo au ofisi inayosimamia mkataba, ni haki yako na wala sio kumchongea mtu.

SWALI: Majina ya kilatini yananiua. Kuna mtihani wa kutambua mimea na mi siyashiki kabisa, nikiyashika leo kesho yametoka. Kwani tusipotumia majina ya kawaida nini kitaharibika?

JIBU: Kitaharibika sana, majina ya kawaida yanazunguka, jina moja huku ni mmea huu na pale mbele ni mwingine. Ukiagiza miche kitaluni kwa jina la mtaani unaweza kuletewa kitu ambacho hukukitaka, na kwenye bustani ya watoto hilo sio jambo dogo. Nerium oleander maua yake ni mazuri mno na umepandwa sehemu nyingi, ila mmea wote ni sumu, jani, maua, tawi, hata moshi ukiuchoma. Sasa we mtunza bustani mtu akikukimbilia mtoto wake katafuna jani unatakiwa umtajie daktari jina ambalo hata yeye akilitafuta anapata mmea huohuo mmoja. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alivyoweka utaratibu wa majina mawili kwa mimea yote mwaka 1753 ndo tatizo hilo alilitatua, jina la kwanza la jenasi, yaani kundi la mimea iliyo karibu, la pili la spishi, yaani aina yenyewe ndani ya kundi hilo, basi.

Namna ya kuyashika: usiyasome kwenye karatasi. Chukua mimea michache kwa wiki, hiyo unayopita kila siku ukienda kuchukua vifaa, na kila ukiupita uushike, pindua jani uangalie chini, nusa, angalia majani yamekaa mawilimawili yanatazamana au yanapishana, alafu litamke jina kwa sauti. Ndio kwa sauti, watu wakikushangaa waache. Mkono na pua vinakumbuka vizuri kuliko daftari. Piga picha za mmea huohuo ukiwa na maua, ukiwa na mbegu, ukiwa umepukutika, kwa sababu mtihani unaweza kukuletea kijiti kikavu chenye vichipukizi tu na mmea wako we ulizoea kuuona una maua. Na mengi yanarudiarudia, ukishajua kwamba repens ni ya mimea inayotambaa na sempervirens ni ya isiyopukutika majani, ukikutana na mmea mgeni tayari una pa kuanzia.

SWALI: Juzi nilikuwa nakata nyasi na ile mashine ya kuvaa begani yenye kamba ya plastiki, nikasogea mpaka kwenye shina la mti mdogo ili pawe pasafi, kamba ikaligusa gome kidogo. Fundi wangu alinifokea mbele ya watu kama nimeua mtu. Mti haukuanguka wala nini. Je sio kuonewa?

JIBU: Kukufokea mbele ya watu hakukuwa vizuri, alitakiwa akuite pembeni. Ila alichokasirikia ni kitu cha kweli na nataka ukielewe maana hakuna kinachoua miti michanga ya bustanini kimyakimya kama hiyo kamba.

Nenda kwenye ule mti. Piga magoti uliangalie hilo jeraha kwa karibu. Chini ya lile gome la nje kuna tabaka jembamba laini, hapo ndo chakula kilichotengenezwa na majani kinapita kushuka kwenye mizizi, na ndani yake kidogo tu kuna tabaka jingine jembamba zaidi, kijani kijani lenye utelezi, ambalo ndo linatengeneza mbao mpya na gome jipya. Kwa mti mdogo vyote hivyo viwili havifiki hata unene wa kucha. Kamba inazunguka kwa kasi ya ajabu, haihitaji kukaa, sekunde moja imeshapita zote. Sasa wiki hii we umegusa upande huu, mwezi ujao mwingine anagusa upande ule, ikija kukutana kuzunguka shina lote mizizi haipati tena chakula, inakufa njaa taratibu, na mti unakauka msimu mwingine kabisa wakati hakuna anayekumbuka mashine. Watu wanasema ukame. Hata usipokufa lile jeraha ni mlango wa kuvu, unaoza kwa ndani pale chini ambapo ndo pamebeba uzito wote.

Dawa yake ni kwamba nyasi zisifike kwenye shina. Toa nyasi kwa mkono kuzunguka mti, duara la upana wa mita moja hivi au zaidi, weka matandazo ya vipande vya miti unene wa sentimita 5 mpaka 10, na yasiguse shina kabisa, acha uwazi wa kiganja. Ukiyarundika yakapanda shina yanalilowesha na kuliozesha, hili nalo naliona kila mahali na linaniumiza kweli maana mtu amefanya kazi ya ziada kuharibu. Mwambie fundi unataka kuwekea matandazo ile miti yote midogo, uone atakavyokusikiliza.

Na hapohapo kwenye mashine. Kabla ya kukata nyasi tembea eneo lote okota mawe, chupa, waya, matawi, kwa sababu kokoto ikirushwa na ile kamba inatoboa jicho. Watu wakae mita 15 au zaidi, akisogea mtu zima, usipunguze tu moto, zima. Miwani, kinga ya masikio, buti, kila siku hata kama ni dakika tano. Sauti ikizidi desibeli 85 kwa siku nzima inakula masikio na hayarudi. Usiguse kisu cha mashine yoyote kabla hujachomoa waya wa plagi au betri. Petroli unajaza injini ikiwa imepoa, na uliza ipi inataka petroli iliyochanganywa oili na ipi haitaki, ukichanganya hizo injini inakufa na maelezo utatoa wewe.

Ukikata nyasi usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Majani ndo jiko la mmea, ukiyanyoa mpaka chini mizizi nayo inajipunguza na jua likija siku mbili ukoka umekuwa wa njano. Na kisu kiwe kikali, angalia ncha za nyasi siku inayofuata, zikiwa zimechanika zimekuwa nyeupe nyeupe kisu chako ni butu.

SWALI: Mafundi wangu wawili wanapingana. Mmoja akikata tawi anapaka rangi kwenye kidonda, anasema bila hivyo maji yanaingia mti unaoza. Mwingine anamkataza. Mi nimfuate nani kwenye mtihani?

JIBU: Anayekataza. Kupaka rangi au lami ni mazoea ya zamani sana na aliyefanya watu wayaache ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya magogo kwa chenso kwa urefu aone ndani kunatokea nini baada ya jeraha. Alichokionyesha ni kwamba mti hauponi kama sisi tunavyopona, sehemu iliyooza haigeuki kuwa nzima tena, mti unajenga kuta kuzunguka sehemu hiyo ili uozo usiendelee alafu unaota mbao mpya kwa nje. Rangi haisaidii kujenga hizo kuta, na mara nyingi inafungia unyevu ndani na kuvu wanaupenda.

Kinachosaidia ni pa kukatia. Angalia pale tawi linapotokea kwenye shina, utaona kama mkunjo umevimba kidogo, kwenye miti mingine unaonekana wazi na mingine unaupapasa kwa vidole. Kata nje ya huo mkunjo, usiuguse, maana kinga ya mti iko hapo. Ukikata sambamba na shina ili pawe laini umeiondoa kinga na kidonda umekifanya kikubwa mara mbili, ukiacha kisiki kirefu kinakauka kinaoza na uozo unaingilia humo. Tawi zito unalikata mara tatu: kwanza kwa chini mbali kidogo na shina, usifike katikati, alafu kwa juu mbele kidogo ya ule mkato wa kwanza tawi lidondoke, alafu ndo unamalizia kile kipande kilichobaki pale penye mkunjo. Bila ule mkato wa chini tawi likielemewa linavunjika huku limeng'ang'ania gome na linalichana gome lote mpaka chini.

Na yule fundi anayepaka rangi usimdharau, huenda ana mengine mengi ya kukufundisha. Ila ukiambiwa mkate vichwa vya miti vyote juu viwe sawa, uliza mara mbili. Matawi yanayoota baada ya hapo yanajishikiza juujuu tu, yanakua haraka, na baada ya miaka michache ndo hayo yanaanguka juu ya mabenchi.

SWALI: Mi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, nataka kubadili kazi niingie kwenye uanagenzi huu. Naogopa umri na naogopa kazi za nguvu. Nitaweza?

JIBU: Dada yangu utaweza, na wengi wanaoingia wakiwa watu wazima wanamaliza vizuri kwa sababu wanajua wanachokitaka. Uliza kwanza mahali unapoomba kama wana kikomo cha umri, sehemu nyingi hakuna. Nguvu inajengeka ndani ya miezi ya mwanzo, kinachowaondoa watu kwenye kazi hii sio udhaifu ni mgongo na magoti waliyoyaharibu wenyewe wakiwa na nguvu. Beba kwa miguu sio kwa kiuno, kitu kiwe karibu na kifua, mfuko mzito ugawe mara mbili au uite mtu, toroli uweke mzigo mbele juu ya gurudumu. Piga magoti kwenye kitu laini. Mashine zinazotetemeka usishike siku nzima, mbadilishane, vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe sema siku hiyohiyo maana ule ugonjwa wa mishipa ukishakomaa hautoki.

SWALI: Fundi naomba unisaidie haraka. Nimeambiwa wiki ijayo nipige dawa ya wadudu kwenye maua yote ya bustani. Sijafundishwa, hakuna glovu wala barakoa, dawa yenyewe iko kwenye chupa ya maji haina lebo. Nikikataa naogopa kufukuzwa.

JIBU: Kataa. Hapa sitaki kuzunguka, usiipige hiyo dawa. Huwezi kujua ni nini, huwezi kujua inachanganywa kiasi gani, huwezi kujua mtu akidhurika afanyiwe nini, na dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji ndo hiyo siku moja mtu anainywa. Mwambie msimamizi kwa heshima lakini mbele ya mwenzako: sijafundishwa, sina vifaa, na dawa haina lebo, naomba nifundishwe kwanza. Alafu andika tarehe na ulichoambiwa kwenye kitabu chako na umjulishe mwalimu wa chuo siku hiyohiyo, usisubiri wiki ijayo ifike. Sehemu nyingi sheria hairuhusu asiyefundishwa kupiga viuatilifu mahali pa umma, na mwanagenzi ndo kabisa.

Ukija kufundishwa, jua kwamba hatari kubwa iko wakati wa kuchanganya, pale dawa bado haijazimuliwa, na kwamba mwili unaipokea zaidi kupitia ngozi kuliko wengi wanavyodhani, wanaziba pua wakati mikono iko wazi. Lebo inasomwa yote, kila mara. Upepo ukivuma hupigi, maua yakiwa wazi na nyuki wamo hupigi, watu hawaingii mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za watoto.

Na kuna swali nataka uwaulize hata kabla ya hapo, wadudu gani? Maana "maua yote ya bustani" sio jibu la mtu aliyeangalia. Pindua majani. Ukikuta vidukari wamejazana kwenye vichipukizi tazama kama kati yao kuna kidudu kirefu cheusi chenye madoa ya rangi ya machungwa kinatembeatembea. Huyo ni mtoto wa wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi, hafanani na mzazi wake hata kidogo, na anakula vidukari kutwa nzima. Ukipiga dawa unawaua wote wawili, alafu vidukari wanarudi wa kwanza na hakuna wa kuwala. Mara nyingi maji ya mpira yenye presha kidogo asubuhi na kukata vichipukizi vilivyozidiwa vinatosha. Niandikie tena uniambie wamekujibu nini, nasubiri kweli.

SWALI: Keshokutwa nina siku ya majaribio kabla ya kuchukuliwa, wamesema kutakuwa na zoezi la kupanda mti. Naomba dondoo za harakaharaka.

JIBU: Mwagilia mche ukiwa bado kwenye chombo chake. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi lakini kina chake kisizidi urefu wa donge, watu wote wanachimba kina wanasahau upana. Kuta za shimo zikiwa laini kama zimepigwa plasta, zikwangue, mizizi ipate pa kuingilia. Toa chombo, angalia mizizi, ikiwa inajizungusha ifungue au uikate ile inayozunguka, ukiiacha itaendelea kuzunguka mpaka mti uwe mkubwa ijinyonge yenyewe. Tafuta pale shina linapotanuka kuelekea mizizi, wakati mwingine limefukiwa na udongo wa kitaluni inabidi ufukue kwa vidole, hapo panatakiwa paonekane juu ya ardhi ukimaliza. Weka koleo kwa kulala juu ya shimo upime usawa, wasimamizi wanapenda kuona hilo maana wengi wanakadiria kwa macho. Rudisha udongo uleule uliochimba, ushindilie kwa mkono au mguu taratibu sio kwa kurukia, mwagia maji mengi polepole mpaka udongo ukae, matandazo mbali na shina. Kama kuna kigingi cha kuushikilia, ufunge mti kwa chini chini na kwa kitu laini, uwe na nafasi ya kuyumba kidogo.

Wakikuuliza kwanini umefanya hivi au vile jibu kwa unachokijua, usichokijua sema sijui naomba unielekeze. Alafu ukimaliza osha koleo, kusanya udongo uliomwagika kwenye njia, rudisha kila kitu ulipokichukua kabla hujaambiwa.